Baroni wa Pendlecote Anasaga Unga Migori

Wasomaji mliotaka damu, poleni. Mzee Cephas Maroa hakumpiga yule mama wa Kiingereza.

Najua tuliwaacha pabaya. Mzee alikuwa ameinuka kwenye kochi, fimbo mkononi. Mbele yake ameketi Lady Honoria, magoti pamoja, kikombe mkononi, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Alikuwa ametoka kumwambia, kwa sauti ile ile aliyoombea sukari, kwamba marehemu mama yake Cephas hakuwa mke wa mtu yeyote. Alikuwa mpishi.

Basi mzee akamsogelea, akainama, akamtoa kikombe mkononi.

"Hiki kilikuwa cha mama," akasema. "Pauline, mletee kile cha plastiki."

Pauline, binti yake mkubwa, akaenda jikoni akaleta kile cha plastiki. Kilikuwa cha manjano na kimepasuka mdomoni. Akamimina kinywaji cha soya mpaka juu, kwa sababu nyumba ya Msabato haipiki majani ya chai hata akija mfalme, akamwekea mgeni mbele kwa mikono miwili na heshima zote.

Kwa mliokosa gazeti la wiki jana kwa kuwa muuza samaki alilifungia ngege, mambo ni haya.

Huko Uingereza amekufa Baroni wa Tisa wa Pendlecote bila kuacha mtoto. Watu wa huko wana vyeo vya kuzaliwa navyo. Juu kabisa ni Duki, kisha Markwisi, kisha Eli, kisha Vaikaunti, na mwisho Baroni. Ni kama sisi na Rais, Gavana, Seneta, Mbunge na MCA wa wadi, ila wao hawana kura ya kumtoa mtu. Ukizaliwa MCA unakufa MCA, na mtoto wako anarithi, hata akiwa mjinga. Hasa akiwa mjinga.

Huyo marehemu alikuwa na baba wadogo wawili. Wa kwanza, Reginald, alikuja Migori zamani za ukoloni kutafuta dhahabu, akapata homa, akafa. Wa pili ni baba yake Honoria. Sheria yao inasema cheo kinapita kwa watoto wa kiume, wa ndoa tu. Kama Reginald aliacha mtoto wa ndoa, huyo ndiye Baroni wa Kumi. Kama hakuacha, cheo kinaruka kwa Peregrine, kaka yake Honoria, ambaye kwa habari tulizo nazo ameshashonewa joho.

Na Reginald aliacha mtoto. Anaitwa Cephas, ana kinu cha posho nje kidogo ya mji wa Migori, na anafundisha kwaya. Swali ni moja tu: je, Reginald alimwoa Eucabeth, mama yake Cephas, au hakumwoa?

Sasa turudi kwenye soya.

"Lady Honoria hakutaka kumuudhi Mzee," akasema Mogire, wakili aliyekuja na mgeni kutoka Nairobi, na ambaye kazi yake ya pili ilikuwa kutafsiri matusi yawe salamu. "Anasema tu kwamba hakuna rekodi yoyote ya ndoa. Ile misheni ilifungwa zamani, na karatasi zake zote zililiwa na mchwa."

"Mchwa hawajamla mama yangu akili," Cephas akamjibu. "Aliniambia walifunga ndoa."

"Kila mama husema hivyo," akasema Honoria kwa Kiingereza. Safari hii Mogire alikohoa tu, ikawa ndiyo tafsiri.

Hapo akaingilia Bonface. Huyu ni kitinda mimba wa Cephas, anatafuta kiti cha MCA, na tangu wiki jana anatembea na kadi alizochapisha mwenyewe zenye maandishi ya dhahabu: Mheshimiwa Lord Bonface Maroa. Baba mtu hajawa Baroni, lakini mtoto ameshaanza kampeni.

"Wakili, tuwe serious kidogo," akasema. "Hiyo castle iko na vyumba vingapi?"

"Ipi?"

"Ya Pendlecote."

"Iliuzwa kabla wewe hujazaliwa. Sasa ni hoteli ya kufanyia harusi."

"Na mashamba?"

"Yaliuzwa kabla ya nyumba."

"Si basi kuna kiti bungeni."

"Siku hizi hakuna."

Bonface akaitazama kadi yake. "Kwa hivyo ni jina tu."

"Ni jina tu."

Kadi aliyokuwa ameshika ikarudi mfukoni polepole. Nimewahi kuona mapenzi yakifa, lakini si kwa kasi hiyo.

Honoria, ambaye alikuwa akimsoma Bonface usoni kama mtu anayesoma menyu, akamnong'oneza wakili jambo. Mogire akatafsiri: Mzee akikubali kusema mbele yake kwamba mama hakuolewa, Peregrine atafurahi kumwalika mmoja wa familia Uingereza. Viza, tiketi, kila kitu juu yake.

Bonface akamgeukia baba yake kwa upole ambao haujawahi kuonekana katika boma hilo.

"Baba, hebu tufikirie. Kwani kupika ni dhambi?"

Pauline akaweka birika chini. Dada huyu anauza omena, wale dagaa wa ziwani, Muhuru Bay. Amezoea watu wanaoweka mawe chini ya gunia, na hana haja ya kupandisha sauti.

"Unamuuza dani yako, mama yake baba, kwa tiketi ya ndege," akamwambia Bonface.

"Simuuzi. Amekufa."

"Na wewe, mama," Pauline akamwambia mgeni, kwa Kiingereza cha kutosha kabisa, "nimesoma kwa simu nikichemsha maziwa. Mtoto wa mtoto mdogo wa Baroni haitwi Lady. Anaitwa jina lake basi. Wewe ni Miss Honoria tu, kama mwalimu wa nasari."

 Mogire akaangalia viatu vyake. Kusema kweli alikuwa anajua tangu mwanzo, lakini hotelini Nairobi walimwita Lady, naye mgeni hakuona sababu ya kuwasumbua kwa ukweli.

"Ni mazoea ya watu," Honoria akasema hatimaye, shingo ikiwa nyekundu.

"Hata kumwita mama yangu mpishi ni mazoea," akasema Cephas.

Akaketi. Alipozungumza tena alikuwa anaongea na Pauline, si na wageni.

"Shuleni waliniita mtoto wa mgodi. Nikipita wanagonga debe, eti dhahabu imepita. Nilikuwa narudi nikilia, mama ananiambia, wewe una baba, nilifungishwa naye ndoa kanisani. Nilipokuwa kijana nikaacha kumwamini. Sikumwambia. Lakini aliacha kuniambia, kwa hivyo alijua." Akapangusa macho kwa kiganja chenye unga. "Ubaroni wapeane na Peregrine wao. Mimi nataka kujua tu kama nilimkosea mama yangu."

Jamani, hata Bonface aliangalia kando.

"Sheria inaweza kukubali mtu aliyeona kwa macho," akasema Mogire, kwa sauti ya mtu anayejua anamharibia mteja wake siku. "Kama yuko hai."

"Yuko mmoja," Cephas akasema. "Mama alikuwa akimtaja. Msimamizi wake wa harusi, rafiki yake wa misheni, Nyanchoka. Aliolewa na mtu wa mgodi anaitwa Machuki, wakahamia Oyugis. Walikosana na mama. Kwa nini, sikuwahi kuambiwa."

Pauline ana wateja wa omena soko la Oyugis. Kufikia soya kupoa, alikuwa amepigiwa simu na watu watatu wakimwelekeza nyumba, na mmoja akimkumbusha asisahau mzigo wake wa Alhamisi.

Safari siwasimulii, barabara mnaijua. Ninyi jueni tu kwamba wote walikwenda kwa gari alilokodi Honoria. Kwa hiyo upande wa Peregrine ulilipia kwa pesa zake safari ya kutafuta ushahidi wa kuumaliza.

Bibi Nyanchoka alikuwa ameketi sebuleni kwake akibangua njugu. Miaka tisini na kitu, mgongo umepinda, macho makali kama ya kuku. Hakusimama.

"Kaeni. Asiye na kiti asimame, sebule ni nyembamba." Akamtazama Honoria juu mpaka chini. "Huyu ni wa Reji. Hiyo pua inaingia kabla ya mwenyewe."

"Anasema unafanana na baba yako mkubwa," Mogire akamtafsiria.

Pauline akamweleza bibi kilichowaleta: cheo, ndoa, na kwamba huko Ulaya wanasema Eucabeth alikuwa mpishi wa Reji. Nyanchoka akaacha kubangua.

"Nani mpishi?"

"Eucabeth."

Bibi akacheka mpaka akashika kiti. "Eucabeth hakujua kuchemsha yai. Aliyekuwa anapika katika hiyo nyumba ni Reji. Anavaa aproni, anakoroga, Eucabeth amekaa mlangoni anamwambia chumvi haitoshi. Sisi wote tulikuwa tunapita hapo kuangalia. Ilikuwa kama sinema."

Mogire alitafsiri hiyo yote neno kwa neno. Nadhani aliifurahia.

"Muulize kuhusu ndoa," Honoria akasema, akikaza meno. "Si jikoni."

"Ndoa ilikuwepo," akasema Nyanchoka. "Mchungaji alikataa kuwafungisha mpaka Reji aache pombe na abatizwe upya. Akaacha, wiki nzima. Wakamzamisha mtoni, akaibuka na kofia yake kichwani, hakutaka kuivua kwa sababu ya jua. Jumapili iliyofuata wakafunga ndoa, kanisa limejaa. Mimi ndiye niliyemshikia Eucabeth maua. Na nikaimba, na maarusi wakaitikia nje ya tuni, Reji zaidi."

Cephas alikuwa ameshika fimbo kwa mikono yote miwili. 

Lakini Honoria hakutoka Uingereza kuja kushindwa na kofia. Akainama mbele, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Muulize," akamwambia wakili, "harusi ilikuwa kabla ya mtoto, au baada?"

Mogire akasita. Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Mtoto aliyezaliwa kabla ya harusi hapati ubaroni, hata wazazi wake wakioana kesho yake asubuhi. Akauliza.

"Eucabeth alikuwa na tumbo hili hapa," Nyanchoka akasema, akionyesha kwa mikono. "Nguo haikufunga. Mimi mwenyewe niliifumua ubavuni nikaongeza kitambaa."

Bonface akafumba macho. Honoria akaegemea nyuma.

"Tumbo," akasema Pauline. "Si mtoto. Mtoto alikuwa bado ndani."

"Kwani angekuwa wapi?" bibi akamjibu. "Alimzaa mvua zilipoanza. Reji alikuwa ameshakufa kwa homa, maskini, ameacha sufuria zake zote zinang'aa."

Mogire akafunga kalamu. "Ndoa kwanza, mtoto baadaye. Ni mtoto wa ndoa. Haina ubishi."

Mzee Cephas alilia. Hakulia kwa kelele. Alilia kama mzee anavyolia, mabega tu, na Pauline akamwekea mkono mgongoni akaacha uko hapo. "Hakunidanganya," alisema mara moja, na baadaye tena, "Hakunidanganya hata kidogo." Miaka yote ile ya kugongewa debe. Na mwanamke aliyestahili kuombwa msamaha yuko chini ya udongo.

Honoria naye, nimpe haki yake, alijua kushindwa kwa adabu. Alisimama, akanyoosha sketi, akapiga goti kidogo mbele ya mzee wa posho wa Migori.

"Lord Pendlecote," akasema.

"Pendakoti," akarudia Nyanchoka. "Anapenda koti gani?"

Bonface alikuwa tayari ametoa simu. Jina tu, ndiyo, lakini jina lililopigiwa goti na mzungu halisi, na kura zenyewe si mbali. "Madam, rudia kidogo," akamwomba Honoria. "Sikuwa nimewasha video."

"Ngojeni," akasema Nyanchoka. Akavuta sinia lake la njugu. "Mmesema hicho cheo ni cha mtoto gani?"

"Wa kiume, wa kwanza, wa ndoa," akajibu Mogire.

"Sasa mbona mnamsumbua huyu? Huyu ni wa pili."

Simu ya Bonface ikabaki hewani.

"Wa pili kwa nani?" akauliza Pauline.

"Walitoka wawili. Mapacha. Mkubwa alikuja kimya, tukadhani amekufa. Huyu akafuata, miguu mbele, anapiga kelele kama amekanyagwa." Akamtazama Cephas bila huruma na bila ubaya. "Eucabeth alikuwa peke yake. Maziwa hayakutosha wawili. Mimi mtoto wangu nilikuwa nimemzika wiki hiyo hiyo, na maziwa yalikuwa yananiuma kifuani mpaka nalia. Akaniambia, chukua mkubwa, huyo ndiye mnyonge. Nikamchukua."

"Halafu?"

"Halafu akanenepa. Eucabeth akamtaka. Mimi na Machuki tukahamia huku."

"Ulimwiba," akasema Pauline.

"Nilipewa. Kurudisha ndiko sikupenda." Akarudi kwenye njugu zake. "Mtu wenu wa omena aliponiambia mnakuja, nikamwita huyo mkubwa nikamwambia yote. Alikaa nje peke yake muda mrefu. Sasa yuko hapo nyuma, amekuwa akisikiliza. Omwenga, ingia."

Mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Mzee Cephas.

Nimekosea. Cephas alikuwa ameketi. Aliyeingia alikuwa na kipaji kile, pua ile ya kutangulia, hata kule kuinamisha bega la kushoto. Tofauti ilikuwa mikononi tu. Mmoja ana unga kwenye kucha, mwingine ana udongo, kwa sababu Omwenga Machuki amekuza na kuuza viazi vitamu Oyugis maisha yake yote.

 Omwenga akavuka chumba, akasimama mbele ya Cephas, akamtazama kama mtu anayejitazama kwenye maji. Cephas akainuka bila fimbo. Wakashikana mikono, kisha mikono haikutosha wakakumbatiana, wazee wawili, vipara viwili.

"Nilikuwa na ndugu," Cephas alikuwa anasema. "Miaka yote hii, nilikuwa na ndugu."

Pauline alilia. Mogire alilia, na sitasema kama atailipisha saa hiyo. Honoria, ambaye ameshapiga goti kwa mtu asiye Baroni, akapiga lingine kwa Omwenga, na kwa umri wake hilo la pili lilichukua muda. Bonface peke yake alikuwa bado anajaribu kufuta neno Lord kwenye simu.

Hatimaye wakaketi kochi moja, Cephas akiwa bado ameshika mkono wa kaka yake.

"Wakili," akasema Omwenga. Alikuwa na sauti ya chini, ya mtu asiyependa kuwasumbua wengine. "Hiki cheo, naweza kukataa?"

"Unaweza."

"Basi nimekataa. Mimi na makoti wapi na wapi." Watu wakacheka, Cephas zaidi ya wote. Omwenga akamgeukia. "Mama alizikwa wapi, ndugu yangu?"

"Nyumbani Migori. Kwenye shamba lake, nyuma ya kinu changu. Nitakupeleka kesho."

"Shamba lilikuwa la mama mwenyewe?"

"Lake kabisa. Babu Maroa, baba yake, alimpa."

Omwenga akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepima gunia kwa kuliinua.

"Wakili," akasema tena, kwa sauti ile ile ya chini. "Hiyo sheria mliyokuja nayo, ya mtoto wa kiume wa kwanza wa ndoa. Huishia kwenye cheo tu, au hufika mpaka kwenye shamba?"

Mogire akaifungua tena kalamu yake. Na Mzee Cephas, kidole kimoja kimoja, akauachia mkono wa kaka yake.